Magurudumu Ndani ya Ngoro

Mdogo wangu alipolileta tela lake kijijini kwetu Mapera, ukoo mzima ulitoka kulipokea, na mimi nikabaki shambani nikijifanya napalilia kahawa ambayo nilikuwa nimeshaipalilia wiki iliyotangulia. Nilisikia vigelegele. Nilimsikia baba akicheka, na baba yetu hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Nikapiga jembe kwa hasira mpaka likakata mzizi wa mbuni mzuri tu, usio na kosa lolote.

Nitasema wazi: nilimwonea wivu. Watu wengine wakisimulia mambo yao hulikwepa neno hilo, wanasema "nilikuwa na wasiwasi" au "sikupendezwa". Mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa na kijicho cha kuniamsha kabla ya jogoo.

Tela lenyewe lilikuwa nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, ya aina ambayo Wazungu hulala wakiwa safarini. Lilikuwa jeupe, la mviringo kama yai, na watoto wakaliita hivyo hivyo, Yai. Lilikuwa na mlango mmoja mwembamba, dirisha mbele na dirisha nyuma, kitanda ambacho ukikikunja kinakuwa meza, na jiko la gesi la kupikia sufuria mbili. Mwili wote ulikuwa wa fiba. Mhandisi mmoja wa barabara alilala humo miaka yote aliyokaa mkoani kwetu, na kazi yake ilipokwisha akamwachia dereva wake kwa bei ya kuagana. Dereva huyo ndiye mdogo wangu, tumbo moja, ananifuata mimi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kahawa, ambayo tangu nipate akili ilikuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ikaruhusiwa kwa watu binafsi. Wakaja wanunuzi kutoka Moshi na Dar es Salaam, vijana wenye mizani mipya na viatu visivyojua matope yetu, na hawakuwa na pa kulala. Nyumba za wageni za Mbinga mjini zilijaa, na huko vijijini hakukuwa na nyumba ya wageni hata moja. Mdogo wangu akatafuta pikapu kuukuu, akachomelea nyuma yake chuma cha kukokotea, akaanza kuwakodishia tela. Wiki hii lilikuwa Mkumbi, wiki ijayo lilikuwa kwetu, na kila lilipopita watu walisimama kando ya njia kama wanapisha padri.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Katika ukoo wetu, na nathubutu kusema katika milima yote ya Umatengo, aliyeijua fiba alikuwa mtu mmoja, nami ndiye.

Nilishuka Lituhi, ziwani, nikiwa kijana, nikapata kazi kwenye karakana ya mradi wa boti za wavuvi. Huko nilijifunza kutandika mkeka wa nyuzi za kioo ndani ya umbo la boti, kuulowesha kwa brashi rezini, gundi ya majimaji inayokauka ngumu, kuufukuza upepo uliojificha chini yake, kisha kutandika mwingine juu, mpaka kitu kilichokuwa laini kama kitambaa kinageuka kigumu kuliko mninga. Fiba inawasha kuliko upupu. Ukiipiga msasa mchana, usiku shuka linakuwa adui. Lakini niliipenda kazi ile, na boti zangu zilijulikana pwani yote ya ziwa kwa kutovuja. Baba hakushuka hata siku moja kuziona. Kila nilipopanda nyumbani kwa likizo aliniuliza kama nimeleta samaki.

Wafadhili wakaondoka, rezini ikaisha, karakana ikawa mahali pa kuanikia usipa, dagaa wa ziwani. Nikarudi mlimani na brashi mbili na mikono yenye makovu ya kujikuna, nikaanza kulima kahawa kama kila mtu. Ujuzi wangu ukakaa bure, kwa sababu nani anahitaji boti Mapera? Halafu kitu cha kwanza cha fiba kufika kijijini kwetu, kinaletwa na mdogo wangu, ambaye hajui hata kuziba beseni.

Mwaka wa kwanza tu, tawi la mkaratusi lilitoboa ubavu wa tela. Akaja kwangu na kopo la rezini alilolitoa Dar es Salaam.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Limekufa?"

"Halijafa, limejeruhiwa. Bila wewe mimi nimekwisha."

Nilifanya kazi ile siku tatu. Mapera mwezi wa saba kuna baridi ya kukausha midomo, na rezini haipendi baridi, inabaki inanata kama asali. Niliongeza dawa ya kukazia kidogo kidogo, nikaweka sufuria ya mawe yaliyochomwa motoni karibu na ubavu ule, kwa sababu jiko lenyewe usilisogeze, mvuke wa rezini unashika moto. Nikatandika mikeka minne kutoka ndani, nikapiga msasa kutoka nje, nikachanganya rangi mpaka macho yangu mwenyewe yakashindwa kuliona kidonda. Jumapili, baada ya misa, watu walilizunguka tela. Mzee mmoja akapitisha kiganja ubavuni, akasema, "Mwenye tela hili ana bahati. Tundu limekwisha lenyewe."

Bahati! Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono yangu imevimba.

Tangu hapo nikawa fundi wake. Nilibadilisha mpira wa madirisha uliopasuka. Nilifungua kila skrubu ya paa na kuifunga upya kwa gundi, maana tela la fiba haliozi, bali mbao za sakafuni chini yake huoza kwa tone moja linalopita kwenye skrubu. Kila mwisho wa kiangazi nililiosha kwa sabuni ya kufulia na kulisugua kwa nta, kwa sababu jua huifanya fiba itoe unga mweupe kama chaki. Mdogo wangu alinilipa vizuri na kunishukuru kila mara, na hilo nalo liliniudhi. Angekuwa mchoyo au mwenye majivuno ningekuwa na pa kuuwekea wivu wangu. Lakini alikuwa mpole, basi wivu ukanibaki mikononi mwangu mwenyewe.

Kuliko yote aliniuma baba. Magoti yake yalikuwa yamekufa, na alikuwa hapandi tena lori. Tela lilipokuwa nyumbani alikuwa akiingia humo asubuhi, anaketi kwenye benchi la sponji, anafungua na kufunga kabati, anaagiza chai. Mimi nilimjengea kibaraza cha matofali ya kuchoma mbele ya nyumba yake, kibaraza kizuri, akakigeuza mahali pa kuanikia maharage.

Masika ya mwaka wa tatu mdogo wangu alikwenda Songea kuendesha gari la watu, kwa kuwa kahawa ilikuwa imekwisha na njia zetu zilikuwa hazipitiki. Akaliacha tela kwenye mteremko chini ya nyumba ya baba, akaomba lizuiwe lisije likateremka bondeni. Mtu wa mahali pengine angeweka mawe nyuma ya magurudumu, basi. Lakini Mmatengo akiona mteremko huchimba. Mashamba yetu yote ya mlimani ni mashimo ya ngoro, tunayapanga kama vyumba vya asali, tunalaza majani na kuyafukia pembeni, na maji ya mvua yanakaa humo badala ya kukimbia na udongo. Ndivyo tulivyookoka miaka yote kwenye milima hii. Kwa hiyo baba, kwa jembe lake na magoti yake, akichimba amekaa, akachimba ngoro mbili kubwa, akalaza majani ukingoni, akafukia na kushindilia, na wanaume wa ukoo wakayashusha magurudumu humo. Tela likakaa imara. Halikusogea hata inchi moja masika yote.

Na ngoro zikafanya kazi yake. Mvua za kwanza zilipopiga, maji yakajaa hadi katikati ya magurudumu, yakatulia.

Mimi niliyaona asubuhi ya kwanza. Lituhi tulikuwa na vitoroli vya kushushia boti majini, na kila kitoroli kilipotoka ziwani, kabla hatujala, tulifungua magurudumu, tukaosha beringi kwa mafuta ya taa, tukapaka grisi mpya. Maji yakilala humo siku chache tu, chuma kinaanza kutafunwa. Hapa yangelala miezi mitano. Jambo lenyewe lilihitaji sentensi moja: baba, tuyatoe magurudumu majini, tuweke mawe. Nilisimama pale na sentensi hiyo mdomoni. Halafu nikasikia furaha, ndogo na ya moto, ikinipanda kutoka tumboni. Nikaenda zangu.

Kila jioni nikitoka kukata majani ya mbuzi nilipitia pale, nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, ingawa nilivaa kandambili, nikatazama maji yamefika wapi. Yakipungua nilisikitika. Mvua ikinyesha nililala vizuri. Sikutaka mtu afe. Nilitaka tela life, lifie barabarani mbele za watu, na mdogo wangu aje kwangu kwa miguu.

Kiangazi kikaja, naye akarudi. Walilitoa shimoni kwa kamba na wanaume kumi, na magurudumu yakagoma, kisha yakazunguka kwa kelele. Wote wakasema ni kutu ya breki, itatoka yenyewe. Kesho yake asubuhi alinikuta nyuma ya kichanja cha kahawa, lilipoegeshwa tela, tukiwa wawili tu.

"Shikamoo, kaka. Leo nataka kulishusha Lituhi, kuna mnunuzi wa samaki anataka kulikodi mwezi mzima. Hebu liangalie kwanza. Jicho lako ndilo ninaloliamini."

Nikalipiga jeki. Nikazungusha gurudumu kwa mkono. Lilitoa sauti ya mtu anayetafuna mchanga, na nilipolitikisa likacheza. La pili lilikuwa vilevile. Nikashusha jeki, nikapangusa mikono.

"Halina neno," nikamwambia. "Likitembea litazoea."

"Asante, kaka," akasema, akaenda kuwasha pikapu ili alivute mbele ya nyumba.

Nilikuwa nimeshaiona safari yote kichwani. Gurudumu linakatika kwenye tambarare, kabla ya miteremko mikubwa, kwa sababu hata katika uovu wangu nilijipangia mahali pa usalama. Analiacha tela limelala kifudifudi, anarudi kunitafuta. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno ya kumjibu.

Nilipotokea mbele ya nyumba nikamwona baba. Amevaa koti la kanisani, ameshika fimbo, na mama amebeba kikapu cha maharage na debe dogo la unga. Mdogo wangu alikuwa akimpandisha mlangoni mwa tela, amemshika kiunoni.

"Anakwenda kumwona shangazi," mke wangu akaniambia. Shangazi, dada yake baba wa pekee aliyebaki, aliolewa na Mnyasa huko Lituhi, na kwa sababu ya magoti hawakuwa wameonana miaka mingi. "Atalala kitandani njia nzima. Wamepanga tangu jana."

Hata hapo, nakiri, kitu cha kwanza kilichonipita moyoni hakikuwa hofu. Kilikuwa: mbona sikuambiwa? Hofu ilikuja nyuma yake. Niliiona miteremko ya kwenda ziwani, kona zake na makorongo yake, na baba amelala ndani ya yai.

"Baba, shuka," nikasema.

"Nishuke niende wapi?"

"Magurudumu si mazima. Shuka, baba."

Mdogo wangu akageuka akanitazama. Alifungua mdomo, na nilijua anachotaka kusema: si umeniambia sasa hivi halina neno? Akaufunga.

Baba alikuwa ameshakaa kwenye benchi lake. "Huu ni wivu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Tangu mwenzako alete tela hili uso wako haujafunguka. Ulikuwa wapi na magurudumu yako siku zote? Leo nakwenda kwa dada yangu, leo ndiyo yamekuwa mabovu. Washa gari, mwanangu."

Ni jambo baya kuitwa mwongo unaposema kweli, na kuwa na sababu yote ya kuitwa hivyo. Sikubishana. Nilichukua jeki na spana, nikalala chini ya tela baba akiwa ndani, nikafungua nati, nikavuta gurudumu. Sehemu ya beringi ikatoka nalo, nyingine ikabaki imegandana na chuma, na vile vijiti vyake vikamwagika kwenye majani, vyekundu kwa kutu, vingine vimevunjika. Harufu ya matope yaliyolala ikatoka. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Baba akachungulia mlangoni. "Nini kimefanya hivyo?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya kwenye ngoro, baba."

Akavitazama vile vijiti vya kutu. "Uliyaona lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

Mama akaweka kikapu chini. Mdogo wangu akamshusha baba taratibu, akamrudisha ndani, na kutwa nzima hakuna mtu aliyenisemesha.

Kwetu tulikuwa bado na sengu, yaani mlo wa jioni ambao wanaume wote wa ukoo hula pamoja kwa mkubwa wao, kila mke akileta chakula chake, na mambo ya ukoo huzungumzwa hapo kabla ya watu kunawa. Mambo yakishazungumzwa, mkubwa humuuliza kila mtu kwa zamu, kuanzia mwenye umri, kama ana neno. Wote wakisema hawana, jambo limefungwa, na kwa baba yetu jambo lililofungwa sengu halifunguliwi tena na yeyote.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeamua kusema yote, furaha ile ya tumboni, kandambili, "halina neno". Nilidhani nitafukuzwa sahanini, na nilikuwa tayari. Lakini aliyeanza alikuwa baba.

"Shimo nilichimba mimi," akasema. "Nimelima milima hii maisha yangu yote, nikasahau kwamba chuma si mahindi. Huyu mkubwa aliliona kosa langu tangu mvua za kwanza. Anaijua kazi hiyo, aliisomea ziwani. Lakini angeniambiaje mimi, baba yake mzazi, mbele ya watoto, kwamba nimekosea? Akabaki nalo rohoni miezi yote, mpaka leo alipoona nitaumia, ndipo akavunja adabu. Nami nikamtukana kwamba ana wivu." Akanigeukia. "Vijana wengine wangenicheka siku ileile. Wewe una heshima. Na mikono yako ina akili, nilichelewa kusema."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo tangu Lituhi. Yalinishuka kooni matamu, na nikiwa nayameza nilijua hayakuwa yangu. Labda baba aliamini alichosema. Labda alikuwa anajisitiri yeye, kwa kuwa ngoro zilikuwa zake. Sikuwahi kujua.

Akaanza kuuliza. Baba mdogo akasema hana neno. Zamu yangu ikafika.

"Una neno?"

Wanaume wote walikuwa wakinitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona.

"Sina, baba."

Akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe, mwenye tela?"

Yeye peke yake ndiye aliyekuwa nami nyuma ya kichanja, ambako hakukuwa na baba wa kumwogopa wala mtoto wa kusikia. Alihitaji kuyarudia maneno yangu mawili tu, "halina neno". Alinitazama kwa muda mrefu, si kwa hasira, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba.

"Sina, baba," akasema, akasogeza bakuli la maji ili tunawe.

Beringi mpya alizifuata Songea, nikazifunga mimi. Baba alikwenda Lituhi akiwa ameketi mbele kwenye pikapu, akalala ndani ya tela uani kwa shangazi wiki mbili, akarudi na gunia la usipa na hadithi zisizokwisha. Miaka ilipita, akafariki. Kwenye matanga yake baba mdogo alisimama akawasimulia vijana habari za mashimo na magurudumu, jinsi mtoto mmoja alivyomheshimu baba yake hata akanyamaza masika mazima. Watu wakaguna kwa kusifu, wengine wakageuka kunitazama.

Mdogo wangu alikuwa ameketi ubavuni pangu, bega kwa bega. Hakunigusa, hakukohoa, hakugeuza hata jicho. Na hadi leo kila kiangazi hulileta tela kwangu, "Shikamoo, kaka, hebu liangalie," na ninachomwambia hukiamini, huondoka nacho barabarani. Mimi nilinyamaza ili aanguke, yeye amenyamaza ili nisimame. Pale matangani, udongo wa kaburi la baba yetu ukiwa bado haujakauka, nilimwonea wivu kwa hilo pia, kuliko nilivyowahi kumwonea kwa tela.